Mianzi ya Kinyala na Mawe ya Bagamoyo

Tulizaliwa Kinyala, katika wilaya ya Rungwe, nchi ambayo mvua yake haingoji kukaribishwa. Katika milima hiyo ya Tukuyu hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mgeni aliyetoka nchi kavu hudhani mbingu zimetoboka. Nyumba ya kwanza tuliyoijua ilikuwa nyumba ya mianzi. Babu yetu aliijenga kwa mikono yake. Mianzi ilisimamishwa bega kwa bega, ikafungwa kwa kamba, ikakandikwa udongo kwa ndani, kisha ikaezekwa nyasi. Ilikuwa nyumba nadhifu yenye kupendeza macho, na wasafiri waliopita katika nchi ya Wanyakyusa karne ya 19 hawakuacha kuusifu usafi wa nyumba za namna hiyo na migomba iliyozizunguka.

Lakini nyumba ile haikukaa. Mianzi huoza, na nyasi huoza upesi zaidi. Kila baada ya miaka michache babu alikata mianzi mipya, akabomoa ubavu mmoja na kuusimamisha upya, na ubavu wa pili mwaka uliofuata. Siku moja tulimwuliza kwa nini asijenge nyumba ya kudumu kama lile boma la mawe ambalo Wajerumani waliliacha Masoko, kando ya ziwa Kisiba. Alicheka, akatupa mwanzi mkononi. "Nyumba huoza, mjukuu wangu," alisema. "Ukiisha kujua kuchagua mwanzi, nyumba itakuwapo."

Tuliyachukua maneno hayo kuwa ni faraja ya maskini. Tulipofika shule ya sekondari na kusoma habari za Kilwa Kisiwani, za msikiti wake mkuu na jumba la Husuni Kubwa, tuliwaonea wivu watu wa pwani. Hao, tulijisemea, wamejenga kwa mawe mara moja, wakapumzika. Ilitupasa kuishi miaka mingi na kutenda kosa moja kubwa kabla ya kujua kwamba jiwe nalo huoza, na kwamba babu yetu wa Kinyala alikuwa amekwisha kutufundisha siri ya miji mikongwe yote.

Mwaka 1996, tukiwa karani katika utumishi wa Serikali, tulihamishiwa Bagamoyo. Mtu wa milimani akishuka huko hushangazwa kwanza na joto, kisha na ukimya. Barabara ya zamani ilikuwa imepakana na majumba ya mawe, yenye baraza mbele na milango ya nakshi, mengine yakikaliwa na watu, mengine yakikaliwa na mizizi ya miti. Mwananchi ambaye hajui historia angeweza kudhani kwamba mji huo ulikuwa mdogo siku zote. Haikuwa hivyo.

Kusini mwa mji, mwendo mfupi kwa miguu, kuna magofu ya Kaole, yenye makaburi ya nguzo na misikiti, na msikiti wake wa kale kabisa huhesabiwa kuwa wa karne ya 13. Bagamoyo yenyewe ilistawi katika karne ya 19 kwa biashara ya misafara. Hapo ndipo njia iliyotoka Ujiji na Tabora ilipoishia, na pembe za ndovu zilipopakiwa majahazini kwenda Unguja. Maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walifika wakiwa na mizigo begani. Watu wengine walifika wakiwa na minyororo shingoni. Ndiyo maana jina la mji huo hufasiriwa kwa njia mbili. Mpagazi alibwaga moyo kwa sababu safari imekwisha. Mtumwa alibwaga moyo kwa sababu hapo aliiacha nchi yake asiione tena.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, wakajenga misheni na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Mwezi Februari 1874 Chuma, Susi na wenzao waliufikisha hapo mwili wa Livingstone, wakiwa wameuchukua kutoka mbali huko bara alikofia. Wajerumani walipokuja, waliufanya mji huo makao yao makuu hadi mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam. Kabla ya hapo, mwaka 1888 na 1889, watu wa pwani walikuwa wamewapinga kwa silaha wakiongozwa na Abushiri bin Salim, ambaye hatimaye alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Boma kubwa la Bagamoyo lilijengwa mwaka 1897. Baadaye, reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, misafara haikuwa na kazi tena, na mji ukaachwa pembeni kama jahazi lililopwelewa.

Hayo yote tuliyasoma. Lakini kusoma jambo si kulijali. Ofisi tuliyoitumikia ilikuwa ikitumia nyumba moja kuukuu ya mawe kama ghala la majalada. Lipu yake ya nje ilikuwa imebanduka kwa mvua, na tuliamriwa tuandike pendekezo la matengenezo. Tuliandika kwamba ukuta wote upigwe lipu ya saruji, maana saruji ni ngumu, hukauka upesi, na fundi yeyote huijua. Tuliongeza sentensi moja ambayo mpaka leo hutuchoma tukiikumbuka. Tuliandika kwamba hakuna haja ya kugharimia zaidi ya hapo, kwa kuwa nyumba yenyewe ilikuwa ya Waarabu wenye watumwa, wala haina maana kwa Taifa.

Kazi ilipoanza, mzee mmoja wa mtaa huo alikuja ofisini. Alikuwa fundi wa chokaa, mwenye vidole vilivyoliwa na kazi yake. Alituamkia kwa heshima kuliko tulivyostahili, maana umri wake ulikuwa mara mbili ya wetu, na ilitupasa sisi kumwamkia kwanza.

"Bwana," alisema, "ukuta huu unapumua. Ukiuvika saruji, utakuwa umeuziba pua."

Tulimjibu kwamba zama za chokaa zimepita.

"Haya, bwana wa bara," alisema. "Masika itakujibu kuliko mimi."

Masika ya kwanza haikujibu kitu, nasi tulijisifu. Ya pili ilileta ufa mwembamba. Ya tatu, usiku mmoja wa mvua kubwa, ukuta wa upande wa bahari ulivimba, ukaporomoka pamoja na nusu ya dari. Kwa bahati njema hakuwamo mtu. Asubuhi tulipofika tulikuta majalada yameloa, na mlango wa nakshi, uliokuwa umebaki umesimama katika fremu yake bila ukuta, ulikuwa umekwisha kung'olewa na watu tusiowajua. Hatukuuona tena. Mlango uliochongwa kwa miezi mingi, uliofungua na kufunga kwa zaidi ya miaka mia moja, ulipotea kwa sababu ya karatasi moja yenye sahihi yetu.

Tulikwenda kumtafuta mzee yule. Tulimkuta barazani kwake, tukamwamkia kama ipasavyo, tukaketi chini. Hakutucheka. Alituagizia kahawa, akaanza kutufundisha kana kwamba ndiyo kwanza tumekutana.

Alitueleza kwamba jiwe la pwani ni tumbawe, jiwe lenye vinyweleo, na kwamba hunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhi kama kitambaa. Chokaa nayo hutokana na tumbawe hilo hilo. Mawe hupangwa juu ya magogo katika tanuu, yakachomwa mpaka yakawa meupe na mepesi. Kisha hulowekwa maji, yakapasuka na kuwa unga, na unga huo huachwa upoe na kukomaa kwa muda mrefu kabla ya kutumika. Ukuta wa mawe ya tumbawe uliojengwa kwa chokaa hunywa maji na kuyatoa. Ukiufunika kwa saruji, maji huingia kwa ufa mdogo na kupitia msingi, lakini hayapati njia ya kutokea. Hukaa ndani, chumvi ikiula ukuta kidogo kidogo, na ncha za boriti zilizolala ukutani zikioza. Boriti hizo ni za mikoko, ndizo zinazochukua dari na sakafu. Na kwa kuwa mkoko hautoi mti mrefu sana, vyumba vya majumba hayo vimekuwa vyembamba. Kumbe hata umbo la chumba lilikuwa limepimwa na mti!

"Nyumba hii ya mawe," alisema mzee, "huombwa radhi kila mwaka. Kabla ya masika utapanda juu, utazibua mifereji, utapaka chokaa penye ufa. Ukiacha miaka mitatu, nayo itakuacha."

Tulimsikiliza, na masikioni mwetu ilikuwa sauti ya babu yetu. Hapo tukafahamu kwamba hapakuwa na tofauti kubwa kati ya mianzi ya Kinyala na mawe ya Bagamoyo. Mianzi huoza kwa miaka michache, mawe kwa miongo michache. Vyote viwili hukaa kwa kuwa yupo mtu anayejua kuvirudia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ili kuuziba ufa hapana budi awepo mwenye kujua kwa kitu gani uzibwe.

Kisha tulimweleza mzee, kwa haya, ile sentensi yetu kuhusu nyumba ya Waarabu. Alinyamaza kitambo.

"Mwenye nyumba alikuwa Mwarabu, ni kweli," alisema. "Lakini chokaa yake aliichoma babu yangu. Babu aliletwa hapa mtoto, kutoka upande wa Nyasa. Hakulijua hata kabila lake. Mimi nawe huenda ni ndugu, bwana wa bara, ila hatuna wa kumwuliza."

Ndugu msomaji, maneno hayo yalitunyamazisha. Sisi tuliotoka Rungwe tunajua kwamba ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa ilipata kuonja moto wa biashara hiyo. Mwaka 1887 Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyekuwa amejijengea ngome karibu na Karonga, aliwaangukia Wangonde, ambao ni ndugu wa Wanyakyusa kwa damu na kwa lugha. Wengi waliuawa, na wengine wakachukuliwa. Hatuwezi kusema kwamba babu wa mzee yule alikuwa mmoja wao. Lakini hatuwezi tena kusema kwamba majumba ya Bagamoyo hayatuhusu.

Historia ya mji huo imejaa watu wa namna yake. Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa pwani mtumwa, akiwa mtoto wa Kimanyema. Alijifunza elimu ya dini akawa kiongozi mkubwa wa tarika ya Kadiria, na alipofariki mwaka 1931 watu wa pwani na wa bara walimlilia. Mtu aliyeingia Bagamoyo akiwa mali ya mtu alitoka humo akiwa mwalimu wa watu. Tukiuacha mji uanguke kwa hoja kwamba ulikuwa wa mabwana, tutawapoteza na watumwa wao pia, maana hao hawakuandika vitabu. Yaliyobaki yao ni kuta walizozijenga, sakafu walizozitwanga kwa nyimbo, na nakshi walizozichonga. Ukuta ule ulioanguka ulikuwa hati ya babu wa mzee, nasi ndio tuliyeifuta.

Wako watakaosema kwamba kazi hii ni ya sheria na Serikali. Ni kweli kwa sehemu. Tanganyika ilikuwa na sheria ya kuhifadhi mambo ya kale tangu mwaka 1937. Baada ya Uhuru ikatungwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Lakini hata sheria njema ina mipaka. Sheria hiyo hulilinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863; la baadaye hulindwa iwapo limetangazwa rasmi. Majumba mengi ya Bagamoyo ni ya baada ya mwaka huo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000. Njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe, ambayo Bagamoyo ni mwisho wake, iliandikwa mwaka 2006 katika orodha ya mahali panapopendekezwa.

Hayo ni mambo ya kujivunia. Lakini orodha si paa. Kilwa, ikiwa ndani ya orodha hiyo, ilihesabiwa kuwa hatarini tangu mwaka 2004 mpaka 2014, na ilitolewa hatarini kwa kuwa kuta zake zilishughulikiwa kwa mikono ya watu, wakiwemo wananchi wa hapo. Zanzibar ina mamlaka maalumu ya kuhifadhi Mji Mkongwe tangu mwaka 1985. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, wakati matengenezo yakiendelea, sehemu kubwa ya mbele ya Beit al Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, na watu wawili walipoteza maisha. Hatusemi hayo kwa kumlaumu mtu. Tumeshuhudia ukuta wetu wenyewe ukianguka, nasi tunajua kwamba nyumba huanza kuanguka miaka mingi kabla ya usiku inapoanguka.

Twasema basi kwamba urithi wa kwanza wa kuhifadhiwa katika mji mkongwe ni ufundi. Jengo likianguka na fundi yupo, litajengwa. Fundi akifa bila mwanafunzi, jengo lililosimama ni gofu linalongoja siku yake. Mzee wetu wa Bagamoyo alikuwa na watoto wanne, na hakuna aliyejifunza chokaa, kwa sababu saruji ililipa upesi. Amekwisha kufariki. Tulihudhuria maziko yake, na tulipokuwa tukimwaga udongo tulifikiri kwamba pamoja naye tunazika nusu ya mtaa.

Ufundi ukifa, lugha nayo hupungua. Sisi hutunga mashairi, na mtunzi huliona jambo hilo kabla ya wengine. Boriti, kidaka, niru, tanuu, sakafu ya kutwangwa: maneno hayo yaliishi midomoni mwa watu kwa kuwa mikono yao ilikuwa na kazi nayo. Mwanafunzi wa leo huyakuta katika kamusi kama vipepeo waliokaushwa. Wala msiba huo si wa pwani peke yake. Mwaka mmoja tulitaka kutunga shairi kuhusu nyumba ya babu yetu. Tuliketi na kalamu, tukagundua kwamba hatulijui jina la kamba iliyofunga mianzi, wala la ule ukingo wa nyasi uliotiririsha maji mbali na ukuta. Shairi halikuandikika. Tulikuwa tumemcheka mzee wa chokaa kwa elimu yake, kumbe na ya kwetu tulikuwa tumeiacha ioze.

Mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, wengi walidhani utamaduni ni ngoma tu. Ngoma ni sehemu yake, na Bagamoyo yenyewe imekuwa na chuo cha sanaa tangu mwaka 1981. Lakini kujenga nako ni utamaduni, na kutengeneza kilichojengwa ni utamaduni mkubwa zaidi, maana hakuna makofi wala hotuba siku ya kuzibua mfereji.

Kwenu walimu tuna ombi moja. Mnapowapeleka wanafunzi kuangalia mji mkongwe, msiishie kuwasomea miaka iliyoandikwa ukutani. Watafuteni mafundi wa mahali hapo, wanafunzi waishike chokaa, waone tofauti ya ukuta unaopumua na ukuta uliozibwa pua, na wayaandike majina ya vitu kama fundi ayatamkavyo. Na mlioko mbali na bahari, kama Tukuyu, msingoje safari ya pwani. Kila kijiji kina mzee anayejua kitu kimoja ambacho akifa kitakuwa kitendawili.

Sisi tumekwisha kuanza, ingawa tumechelewa. Tuliporudi Kinyala kwa likizo tulipanda mianzi nyuma ya nyumba yetu ya matofali na bati. Yupo mzee mmoja wa ukoo wetu ambaye angali anakumbuka kazi hiyo. Tulimwendea na wajukuu wetu wawili, tukaketi chini kama tulivyoketi Bagamoyo. Alianza kwa kuwaonyesha mwanzi ambao haufai. Jina la ile kamba tumelipata, na wajukuu wamekwisha kuifunga na kuifungua mara nyingi. Mianzi ikikomaa watajenga kibanda kidogo, nacho kitaoza, na tumewaagiza wakijenge tena.